Mashine ya Nati na Kosa Alilolibeba Mbwana

Jumatatu, Juni 1998. Timbwani, Likoni.

Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, na upepo wa kusi unausukuma mlango kila nikiufunga. Sasa ni saa kumi za alasiri. Tazama mwandiko huu, daftari langu, utadhani ni wa mtoto aliyeanza chuo juzi.

Leo gurudumu la mbele la pikapu yetu limechomoka kwenye mteremko wa feri, mimi nikiwa nimeshika usukani na Mama amekaa kando yangu.

Hakuna aliyekufa. Nimeliandika hilo mapema kwa sababu tangu asubuhi nimekuwa nikilirudia moyoni kama uradi. Hakuna aliyekufa, wala hata aliyechubuka. Lakini kuna jambo lililotokea baada ya gurudumu kutoka, na hilo ndilo lililonipiga bumbuwazi kuliko gurudumu lenyewe. Nitalieleza kwa utaratibu, maana nikianzia mwisho najijua, nitajipendelea.

Nianze na bega.

Bega langu la kulia limekuwa bovu tangu mwaka Baba alipofariki na shamba la Mtongwe likawa mikononi mwangu: minazi, mihogo, ng'ombe sita, trekta kuukuu na hii pikapu. Kila kitu shambani kinashikwa na nati. Visu vya mashine ya kukatia majani ya ng'ombe vina nati. Plau ina nati. Trela ina nati. Na magurudumu, astaghafirullah, magurudumu! Mimi ni mfupi, sina uzito wa kutisha mtu. Nikitaka kufungua gurudumu huiweka wili spana, naining'inia kwa mwili mzima, naruka juu yake kama mtu anayetwanga kwa miguu, na nati hainijui.

Ikinishinda kabisa, ilikuwa lazima nimwite kaka yangu Mbwana.

Mbwana ni mkubwa wangu kwa miaka miwili na anafanya kazi bandarini kwa zamu. Alikuwa akija, anapuliza viganja, anaikanyaga spana mara moja tu, nati inalia kriiii na kufunguka. Kisha anacheka na kusema, "Nati yamjua mwenyewe, Siti." Kicheko kile kilikuwa kikiniuma kuliko bega. Tena nilijua anaitaka pikapu hii. Aliwahi kumwambia Mama mbele yangu kwamba angeipata siku mbili kwa wiki angepeleka madafu Kiembeni, kwenye zile nyumba mpya, na biashara ingekuwa nzuri. Mama alimjibu kwamba gari liko kwa Siti, na Siti hajalalamika. Tangu siku hiyo niliapa nisilalamike, hata mkono ukikatika.

Ndiyo maana nikaitafuta mashine.

Nilianza kwa kuwatazama watu wa mataili, wale wenye mashine ya upepo inayofungua nati tano kabla hujamaliza salamu. Nikaitamani hadi nikaona haya. Lakini ile inataka mtungi wa upepo na injini ya kuujaza, vitu vya kubebwa na watu wanne. Kuna nyingine ya kuchomekwa kwenye umeme. Sasa umeme wa nani? Nguzo za mwisho ziko barabarani, na trekta huharibika katikati ya mihogo. Nikaambiwa Changamwe kuna duka la vifaa vya mafundi lililoleta mashine za betri. Unaichaji nyumbani, unaibeba shambani, haina waya. Siku ya kwanza sikuamini. Siku ya pili nilikuwa dukani.

Mwenye duka ni mzee mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi sikioni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza mume wangu anataka ya kazi gani. Nikamwambia mume wangu ni trekta. Akacheka, na kuanzia hapo alizungumza nami kama mtu na mtu.

Kusema kweli nilichagua vizuri. Hilo sitajinyima. Zilikuwepo tatu. Ya kwanza ilikuwa nyepesi na nzuri kama kitana, lakini mzee akasema hiyo ni ya skrubu za makabati, kwenye gurudumu itanung'unika tu. Ya pili ilikuwa na nguvu, ila nzito mno. Niliinyoosha kwa mkono mmoja nikahesabu hadi ishirini, bega likaniambia hapana. Ya tatu ilikuwa ya volti kumi na mbili, kichwa cha nusu inchi, na betri mbili ili moja ikiwa kwenye chaji nyingine iwe kazini. Mzee alikuwa na boliti kubwa imebanwa kwenye jiriwa. Akaikaza kwa spana ndefu mpaka mshipa wa shingo ukamtoka, akanipa mashine. Nikabonyeza. Trrrrr! Nati ikaniangukia kiganjani.

Wallahi nilitaka kulia.

Akaniuzia na soketi nyeusi nene badala ya zile zinazong'aa, kwa kuwa zinazong'aa hupasuka zikigongwa na mashine. Nikasikiliza yote hayo kwa makini. Kisha akasema neno la mwisho, na hili nalinukuu kama alivyolisema, maana leo limenirudia kichwani si chini ya mara mia: "Hii mwanangu ni ya kufungulia. Kukaza, ianzishe tu, kisha umalizie kwa mkono. Na boliti ziwe kavu. Ukitia mafuta, nguvu yake yazidi mara mbili, nawe hujui."

Nikamjibu, "Inshallah, mzee." Moyoni nikacheka. Nilijiambia huyu ni mtu wa duka, anakaa ndani siku nzima na feni, atajua nini kuhusu chumvi ya Likoni?

Maana huku kwetu chumvi hula chuma hadharani. Gari linalovuka feri kila siku likiachwa mwaka mmoja bila kutunzwa, nati na boliti huwa kitu kimoja. Kwa hiyo Baba alikuwa na desturi yake. Alikuwa na kichupa cha mafuta ya nazi aliyoyachanganya na grisi, na nati haikurudi mahali pake kabla haijapakwa. Baba kapaka, babu kapaka alipokuwa na baiskeli, Mbwana hupaka, nami hupaka. Jirani zangu wote hupaka. Na kwa mkono wa binadamu haikuwahi kutudhuru. Mtu hukaza mpaka pumzi zinapomwishia, basi.

Mashine haiishiwi pumzi. Hilo ndilo sikulifikiri.

Nilipoileta nyumbani, Mama aliitazama kwa muda mrefu kama anayetazama mkwe asiyemtaka. "Hiyo bunduki wataka kumpiga nani?" Nikamwonyesha. Nikafungua na kufunga nati za trela mbele yake, trrr, trrr, kuku wakakimbilia jikoni. Mama hakutabasamu. Akasema, "Haya. Lakini siku hiyo bunduki itakapotuletea balaa, gari na trekta namkabidhi nduguyo, nawe urudi kwa ng'ombe zako. Nshasema." Mama akisema nshasema, hata mvua husikia.

Mwezi mmoja nikatamba. Naandika bila kujificha: nilitamba. Nilikuwa nikitafuta visa vya kufungua magurudumu. Jirani akipita namwambia hebu ngoja nikague breki, nami breki nilizikagua jana. Kila mara nilipaka mafuta ya Baba kwa unadhifu, na kila mara nikiifunga nati nilishikilia kitufe mpaka mashine igonge-gonge, kisha naongeza kidogo, kisha naongeza tena ili roho itulie. Nilidhani kuzidisha ni uangalifu.

Alhamisi iliyopita nilibadilisha taili la mbele la kushoto pale shambani. Mbwana alikuwapo, alikuja kuchukua mihogo. Akasimama akanitazama nikikaza, akasema, "Siti, yatosha." Nikaongeza kwa makusudi. Akabeba gunia lake akaenda zake.

Na tangu Jumamosi kulikuwa na sauti. Gari likienda polepole, kitu kilikuwa kikisema tik, tik, tik kule mbele. Niliisikia. Nikajiambia ni kijiwe.

Nimeisoma tena sentensi hiyo. Nimeiacha ilivyo.

Leo asubuhi tulikuwa tunavuka kwenda Jomvu Kuu kumjulia hali mama mdogo, ambaye miguu imemvimba. Mama mbele, na nyuma Mbwana kajibanza kati ya madumu ya maziwa, tumfikishe mjini awahi zamu. Watu waliokuwa wametoka ng'ambo walikuwa wakipanda mteremko kwa wingi, miavuli na mabegi. Nikaachiwa nishuke. Nikakanyaga breki taratibu, kama ilivyo kawaida.

Kulisikika mlio kama wa nazi kavu ikipasuliwa. Usukani ukanipokonya mkono. Gari likapiga goti upande wa kushoto, likakwaruza lami, likasimama. Na mbele yetu nikaona gurudumu limesimama wima, linateremka peke yake, bila haraka mwanzoni.

Wajua nilichokifikiri? Nilifikiri: gurudumu la nani lile?

Sikuelewa. Nilikuwa nimeukamata usukani kwa mikono miwili, nalitazama likizidi mbio kati ya watu, nami nashangaa kama mtazamaji wa kando. Watu wakapiga kelele, wakaachana njia. Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, kafungwa kwa leso. Fundo lilikuwa limelegea, akasogea pembeni hatua mbili alikaze. Gurudumu likapita pale alipokuwa amesimama. Likaenda mpaka chini, likaruka, likaingia majini.

Yule mwanamke aligeuka akanitazama. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Mama alikuwa anasoma shahada kwa sauti. Alipomaliza akafungua mlango, akashuka, akaliweka sawa buibui lake, akauliza kwa sauti ambayo nusu ya feri iliisikia: "Gurudumu hili alilikaza nani?"

Mbwana alikuwa ameshapiga magoti kwenye mvua. Nilimwona akigusa boliti zilizovunjika, moja baada ya nyingine. Akasugua kidole kwa kidole, akakinusa. Kisha akaniangalia. Ninayaandika haya na macho yake nayaona bado. Hayakuwa na hasira wala furaha. Alikuwa amejua kila kitu.

Nikafumbua mdomo. Nadhani nilifumbua. Mungu ndiye ajuaye kama kuna neno lingetoka.

"Ni mimi, Mama," akasema Mbwana. "Siku ile nilipokuja shamba. Sikuzikaza vizuri."

Mama hakumbakishia. "Mtu mzima na ndevu zako, nati zakushinda? Wataka kuniua mimi na nduguyo? Tangu leo usiliguse gari hili. Usiliguse hata kulisukuma! Na hayo madafu yako ya Kiembeni, yasahau." Yote hayo mbele ya watu, mbele ya wanaume wanaofanya naye kazi bandarini. Mtu mmoja akacheka. Mbwana akainamisha kichwa akasema, "Naam, Mama."

Nami nilinyamaza.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Leo mimi sikula hata tonge. Nimelichuma mwenyewe, nikalipakua mwenyewe, akala yeye peke yake.

Mama alirudi nyumbani kwa miguu, hakutaka kupanda chombo chochote. Vijana wakatusaidia kulisogeza gari kando. Mbwana akaikosa zamu yake, akaenda kutafuta boliti, akarudi, akafunga gurudumu la akiba. Amri ya Mama ya kutoligusa gari aliivunja kwa saa mbili nzima, nami nikimshikia mwavuli. Akazifuta boliti mpya kwa kitambaa mpaka zikakauka. Akakaza kwa wili spana, kwa mkono, msalaba kwa msalaba, akaachia pale pumzi ilipotosha.

Kisha akaiweka boliti moja ya zamani kando ya mpya kiganjani mwake, akanisogezea. Ya zamani ilikuwa imekatika, na pale ilipokatikia shingo yake imekonda, kama ubani wa kutafuna ukivutwa. "Zimevutika," akasema. "Mafuta ya Baba na mashine yako havipatani. Kimoja kimoja havina neno."

Nikamuuliza kwa nini amesema ni yeye.

Hakuacha kukaza. "Mama ashazoea makosa yangu," akasema. "Yako hajayazoea."

Akaniomba maji ya kunawa.

Nimekaa na maneno hayo tangu adhuhuri. Nimefungua kurasa za nyuma za daftari hili, nikasoma niliyoyaandika juu ya Mbwana kwa miaka miwili. Kuna mahali nimeandika, "Anangoja nianguke." Mahali pengine, "Kaja leo kufungua nati moja, kacheka kama kafungua mji." Kuna ukurasa mzima kuhusu pikapu na tamaa yake. Hakuna hata mstari mmoja unaosema kwamba aliitwa mara ngapi na akaja mara ngapi. Sasa nimejaribu kukumbuka siku aliyoitwa akakataa, na siipati. Alikuwa akija moja kwa moja kutoka zamu, macho mekundu kwa usingizi.

Leo alikuwa na kila kitu mkononi. Neno moja la kweli, na gari lingekuwa lake kabla ya chakula cha mchana. Mama mwenyewe alishaapa. Hakuhitaji kunisingizia chochote. Alihitaji kunyamaza tu aniache nijibu.

Nilijaribu kusema wakati wa kula. Nikaanza, "Mama, lile gurudumu..." Mama akaniambia nisijisumbue, nile, mimi sina kosa, na nikiwa mwangalifu hivi hivi Mungu atanihifadhi. Mwangalifu! Nikauliza kama mchuzi umekolea chumvi. Ndivyo nilivyouliza. Mwanamke mzima, mwenye trekta.

Nikiwa mkweli hadi chini kabisa, si gari tu ninaloliogopea. Ningeweza kurudi kwa ng'ombe. Ng'ombe hawana nati. Naogopa uso wa Mama ukijua. Miaka yote mimi ndiye asiyekosea katika nyumba hii, na leo nimegundua cheo hicho kilikuwa na mtu wa kukilipia. Kikombe kikivunjika, ni Mbwana. Mbuzi akipotea, Mbwana. Sijui ni mara ngapi aliitikia naam kwa ajili yangu kabla ya leo. Naogopa hata kuhesabu.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mzee wa Changamwe aliniambia. Mbwana aliniambia yatosha. Hata kijiwe changu cha kubuni kilisema nami siku mbili mfululizo. Na guu ambalo lingevunjika halikuwa langu. Ni la mwanamke aliyesogea hatua mbili kukaza leso, na mtoto aliyekuwa mgongoni mwake. Nikifumba macho fundo lile halijalegea, na hatua mbili zile hazijapigwa.

Mashine ipo hapa mezani, betri moja kwenye chaji, taa yake ndogo nyekundu inawaka. Haina kosa. Nitaendelea kuitumia kufungulia, bega langu litanishukuru. Kukaza ni kwa mkono, na boliti kavu, na chumvi ya Likoni nitaifuta kwa kitambaa kila Ijumaa hata wakinicheka mtaa mzima. Hayo ni mepesi kuyaazimia.

Hivi sasa Mbwana amefika uani kurudisha madumu ya maziwa. Namsikia Mama akimwambia ayaweke pale pale mlangoni, na apite upande wa pili, asikaribie gari. Namsikia akiitikia, "Naam, Mama," sauti ile ile ya mteremkoni.

Nilikuwa nimeandika hapa: nitamwambia Mama kesho. Nimelikata. Hadi kesho ifike, Mbwana atakuwa amelilalia usiku mzima kosa langu.

Naweka kalamu. Wote wawili wako nje, na Mbwana bado hajaondoka.